Nambari ya Asubuhi na Nambari ya Saa Sita

Kabla ya kukuuzia hata tone moja, alikuuliza maswali matatu. "Motokari inalalaka wapi? Inatumikaka wapi? Inabebaka nini?" Ukijibu upesi mno, aliyarudia polepole, kama mtu anayekufungulia mlango wa pili. Ukijibu polepole mno, alikutazama juu ya miwani yake na kusema, "Bon. Sasa sema ya kweli."

Madereva wa Bukavu waliyaita maswali hayo katekisimu. Mwenyewe tulimwita maman wa vidange, kwa kuwa aliuza mafuta ya injini kando ya barabara inayotoka mjini kushuka bonde la Ruzizi, na pale kwake ndipo wengi wetu tulifanya vidange, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Jina lake la ubatizo nililijua baadaye sana na sikulitumia hata siku moja. Ingekuwa kama kumwita padri kwa jina la utotoni.

Alikuwa na meza moja, mwavuli mmoja mkubwa, na bidoni, yaani madumu ya mafuta, zilizopangwa kwa nambari, ndogo kushoto, kubwa kulia. Kiti kilikuwa kimoja tu, cha plastiki, naye alikifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Mteja alisimama. "Shofere akiketi," alieleza, "anaanza kujisikia patron, na patron hapendaka kuulizwa." Kwa hiyo tulisimama juani, watu wazima wenye watoto, tukijibu.

Mimi niliingia katika parokia yake kwa sababu ya kamionete. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, kisha nikaiacha chaki na kununua gari ambalo tayari lilikuwa limezeeka mikononi mwa watu wengine. Nilishuka nalo Luberizi, huko bondeni, nikapakia mpunga, nikaupitisha kinuni, nikapanda nalo Bukavu, ambako mke wangu aliuza mchele. Hatukuwa na kazi ya pili. Kamionete ndiyo iliyokuwa shamba letu na ng'ombe wetu. Ikikohoa, nyumba nzima ilikohoa.

Nikiri mapema kwamba siku ya kwanza nilimdanganya.

Gari lililala Muhumba, mtaa wa Bukavu, katika ua wa mjomba wa mke wangu, karibu na ziwa, ambako asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta. Betri yangu ilikuwa dhaifu na injini ilizunguka kwa uvivu. Jirani mmoja, mjuzi wa kila kitu ambacho hakukimiliki, aliniambia dawa ni mafuta mepesi, kumi na thelathini, ili injini iamke haraka. Nilikuwa nimesikia habari za katekisimu, basi nilijiandaa.

"Motokari inalalaka wapi?"

"Muhumba, maman." Hiyo ilikuwa kweli.

"Inatumikaka wapi?"

"Hapa hapa mu ville."

"Inabebaka nini?"

"Viti. Viti vya ndoa."

"Kila siku?"

"Watu banaoana sana, maman."

Mvua ilikuwa inanyesha na hakutaka kutoka chini ya mwavuli wake kuliangalia gari. Alinitazama tu. "Aksanti Mungu," akasema. "Nilikuwa nafikiri vijana baliacha." Akanipa bidoni ya kumi na thelathini.

Lakini hakuwahi kuuza bila kufundisha, na siku hiyo alinifundisha kitu ambacho mpaka leo sijasikia fundi yeyote akikieleza vizuri zaidi. Kama nawe unaogopa zile nambari zilizoandikwa kwenye bidoni, usiogope tena, si ngumu. Aliweka kidole juu ya ile ya kwanza. "Hii iko ya asubuhi." Akakisogeza kwenye ya pili. "Hii iko ya saa sita." Nikamwuliza habari ya ile herufi W katikati. "Hiyo iko mulango. Usiisome, pita."

Nambari ya asubuhi inasema jinsi mafuta yanavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, mafuta yanaamka upesi na kufika kila mahali kabla vyuma havijaanza kusagana. Nambari ya saa sita inasema jinsi mafuta yanavyobaki na uzito injini ikichemka. Ikiwa kubwa, hayageuki maji. Ndiyo maana bidoni moja ina nambari mbili: ni mafuta yaleyale, yanayotakiwa kuwa mepesi alfajiri na mazito mchana. Aliyafananisha na mtu mwenye tabia njema, asiye mkali asubuhi wala mlegevu adhuhuri. "Batu kama bale ni kidogo," alisema, "njo maana mafuta ya muzuri iko bei."

Wengi hawakuelewa mara ya kwanza, naye hakuchoka. Alichoka na jambo moja tu, nalo ni kujumlisha. Nilikuwepo siku dereva mmoja wa njia ya Mwenga, aliyewapelekea wachimba dhahabu sabuni na bia, alipozipitia bidoni zote kwa macho akihesabu midomoni.

"Ishirini na hamsini, sabini. Kumi na tano na arobaini, hamsini na tano. Maman, nipe ile ya sabini. Iko na points mingi."

"Uliishia mwaka ngapi ya primaire?"

"Ya ine."

"Njo pale banafundishaka kujumlisha. Mwaka ya tano banafundisha kunyamaza."

Tulicheka, hata yeye mwenyewe alicheka, lakini hakuondoka. "Mais maman, mafuta nzito njo nguvu. Sawa bugali."

"Bugali inapitaka mu mushipa?"

Dereva wa Mwenga akaitazama mishipa ya mkono wake. Maman akashusha sauti, akamwuliza maswali yote matatu tangu mwanzo, na mwisho akamuuzia kumi na tano na arobaini kwa sababu injini yake ilikuwa bado nzima na milima ya Mwenga si tambarare ya Luberizi. Aliondoka akiwa ameshika bidoni kwa mikono miwili kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Hakuwa mtu wa kupatana na nafsi yake katika kila jambo, na ndiyo sababu tulimpenda. Kwenye meza alipima mafuta kwa mililita, akiinama mpaka jicho lake lilingane na mstari wa chupa. Jikoni kwake, ambako alinikaribisha mara mbili tatu, alimimina bila kuangalia. Sambaza zake, wale dagaa wa ziwa, ziliogelea. Mke wangu alisema samaki wale hawakujua kwamba wametolewa ziwani.

Aliuza uhai wa magari yote, lakini kupanda gari hakukubali. Asubuhi alishuka kwa miguu kutoka nyumbani kwake, jioni akapanda kwa miguu, kitambaa kichwani, mkoba kwapani. Madereva walisimama, wakapiga honi, wakafungua mlango. "Panda, maman, tukufikishe!" Alitikisa kidole bila kupunguza mwendo. Nilimwuliza sababu. "Mwalimu," alisema, kwani aliendelea kuniita hivyo hata baada ya chaki, "mi najua kila mutu anatiaka nini mule ndani. Ungekuwa weye, ungepanda?"

Na kulikuwa na ule mlango wa kanisa. Mlango wa pembeni wa parokia yetu ulipiga kelele kama mbuzi anayevutwa sokoni, na kelele hiyo ilikuwa na kazi yake: kila aliyechelewa misa alitangazwa, na watu mia tatu waligeuza shingo. Jumapili moja mlango ukafunguka kimya. Jumapili iliyofuata wachelewaji waliongezeka. Baada ya mwezi, nusu ya waumini waliingia wakati wa mahubiri, wakitabasamu. Padri akauliza kutoka altareni ni nani aliyeugusa mlango. Maman akasimama.

"Ni mi, padri. Nilitia ishirini na hamsini."

Padri, ambaye alikuwa na gari na alikuwa mteja, hakujizuia. "Juu ya nini ishirini na hamsini?"

"Ile mulango inaangalia jua ya mangaribi."

Watu walipiga makofi. Padri aliufunga mlango huo kwa kufuli, na tangu siku hiyo wachelewaji tunapita mbele.

Lakini usidhani kwamba kwake ishirini na hamsini ilikuwa dawa ya kila ugonjwa. Dereva wa bwana mkubwa fulani alikuja na jeep mpya, kioo chake bado kina karatasi ya forodha, akaagiza mafuta "ya nguvu kuliko yote". Maman alikataa. Alitaka kuona kitabu cha gari. Dereva alikitoa kwenye sanduku la dashibodi kwa dharau, akakifungua: kiliandikwa Kijapani chote, kutoka jalada hadi jalada.

"Soma basi," dereva akasema.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akageuza kurasa moja moja kana kwamba anaelewa kila mchoro. Tulikuwa sita pale, tukisubiri aaibike. Ghafla akabandika kidole. Katikati ya ule msitu wa maandishi zilikuwepo, wazi kabisa, tano na thelathini.

"Nambari haina kabila," akasema, na akamuuzia mafuta mepesi. Injini mpya, alitueleza baadaye, vyuma vyake vimekaribiana sana, na mafuta mazito yanagonga mlango bila kuingia. Kwanza uliza kitabu. Kisha uliza jua. Kisha uliza umri.

Mimi umri wa injini yangu niliujua, jua la Luberizi nililijua, na kitabu sikuwa nacho. Nilikuwa na mafuta mepesi na uongo wa viti vya ndoa.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Gari liliamka Muhumba kwa mguso mmoja, na nilimshukuru jirani. Safari ya tatu nilishuka mteremko mkali wa Ngomo kwa uangalifu, nikavuka Kamanyola, nikafika Luberizi saa sita, saa ambayo hata mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenzake. Nikasimama kwenye foleni ya kinu injini ikinguruma, na taa nyekundu ya mafuta, yenye umbo la birika, ikaanza kukonyeza. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Nilifikiri ni jua kwenye kioo, nikaifunika kwa kiganja. Chini ya kiganja iliendelea kukonyeza. Kisha nikasikia sauti ndani ya injini, ka-ka-ka, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko kwa adabu.

Nilirudi Bukavu nimekaa kwenye ncha ya kiti. Nilipofika kwenye ubaridi, taa ilizimika na sauti ikapungua. Safari iliyofuata, Luberizi, ikawa vilevile, ila sasa aliyegonga sufuria alikuwa ameacha adabu. Fundi wangu aliweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari, akaniwekea mkono begani, jambo ambalo fundi hafanyi bure.

"Papa, tuifungue."

Kuifungua kulimaanisha wiki nyingi, pengine miezi, gari likiwa juu ya matofali, vipuri vikitafutwa ng'ambo ya mpaka, na wateja wa mke wangu wakihamia kwa mchele wa mwingine. Nyumbani nilisema fundi anafikiria bado. Sikulala vizuri. Na kwa kuwa mtu mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu, nilienda kwa maman wa vidange, nikasimama mbele ya meza yake, nikasema mbele ya watu, "Maman, mafuta yako inaua moteri yangu."

Safari hii alitoka chini ya mwavuli. Akalizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Akasimama kwenye karoseri, pale nyuma pa mizigo, akaingiza ukucha kati ya mbao mbili, akatoa kitu kidogo, akakiinua kwenye mwanga ili kila mtu aone. Ilikuwa punje ya mpunga, na ganda lake.

"Mwalimu. Hii mupunga iliota Muhumba?"

Sitasahau kicheko kile. Mmoja alijishika kwenye nguzo. "Ni mupunga ya ndoa, maman!" akapiga kelele. "Bale banaolewa banatupiwaka mupunga mu kichwa!"

"Gunia mbili mbili?" maman akauliza, naye akiwa bado ameishika punje juu.

Nilisema kweli yote pale pale: Luberizi, mizigo, taa, fundi, matofali. Nilipofika kwa mke wangu na wateja wake, wale waliokuwa wanacheka waliacha. Maman aliirudisha punje mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Sikiliza. Baridi ya Muhumba iko ya batu. Weye unavaa tricot, moteri haina ngozi. Kwa moteri, hapa Bukavu haina baridi hata siku moja. Ulimuogopea baridi yenye haiko, ukamupeleka mu joto yenye iko, na nguo ya kulalia."

Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mlimani, na ninalieleza hapa ili wewe usilirudie. Tunatetemeka asubuhi, basi tunadhani chuma nacho kinatetemeka. Ubaridi wetu haufiki hata robo ya ule unaoyagandisha mafuta ya injini. Bali joto la bonde, mzigo juu, injini iliyochoka ndani, hayo yanageuza mafuta mepesi kuwa maji, na maji hayawezi kutenganisha chuma na chuma. Chagua mafuta kwa ajili ya saa ngumu kuliko zote ambazo gari litazipitia.

Alinipa ishirini na hamsini. Kwa asubuhi ya Muhumba, ambayo mafuta hayo huanza taratibu kidogo, alinipa kipimo: nikiwasha, nisiondoke mpaka nimesali Salamu Maria tatu. "Za kweli, haiko za kukimbia." Kisha, kwa kuwa alijua bado sijaamini, akatoa chini ya meza kichupa cha mafuta ya mawese. Ilikuwa asubuhi bado, na alipokipindua mawese yalining'inia juu kama nta. "Beba. Saa sita, ukifika Luberizi, pindua, uangalie. Halafu unirudishie."

Nilipindua pale kwenye kinu, na mawese yakakimbia kama juisi. Nilielewa kwa macho kile nilichokuwa nimeambiwa kwa masikio. Kwa bahati mbaya mwenyeji wangu, mama mkulima anayenipikia nikifika kule, alikiona kichupa, akadhani ni zawadi, akapikia mboga za majani. Nilimrudishia maman chupa tupu.

"Na joto ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa tamu, maman. Na sombe."

Siku ile aliponipa mafuta, nikiwa tayari nimewasha, nilimwuliza dirishani jambo moja tu. "Maman, itashika?" Hakupepesa jicho. "Itashika. Enda." Na ikashika. Taa ya birika haikukonyeza safari hiyo, wala iliyofuata. Ilikaa giza miaka na miaka, kila mara barabara ilipokuwa wazi, na watoto wangu wakapanda madarasa, na mke wangu akaongeza meza ya pili sokoni. Kila nilipofanya vidange nilipita kwake, na kila mara aliniuliza maswali yote matatu, na alipofika la tatu aliongeza, "Viti?"

Kisha magoti yake yakakataa mteremko. Meza aliiachia mpwa wake, msichana mpole anayekuuzia unachotaka, na biashara, lazima niseme, imekua.

Miezi michache iliyopita birika liliwaka tena. Kwanza Luberizi, saa sita, nikasema ni joto. Kisha Kamanyola. Kisha asubuhi moja Muhumba, nikiwa katika Salamu Maria ya tatu. Fundi aliweka tena bisibisi sikioni, na safari hii hakuniwekea mkono begani, aliniletea kiti.

Nikapanda kwa maman nikiwa na mfuko wa mchele mpya. Nilimkuta mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anachambua maharage. Nilikuwa nimeandaa ombi langu njiani. Nilisikia kuna mafuta mazito zaidi, na kuna dawa fulani ya chupa inayotiwa ndani na kunyamazisha kila kelele. Aniambie tu ipi. Nilihitaji mwaka mmoja mwingine, mpaka mtoto wa mwisho amalize shule.

Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwalimu, ile siku ya mupunga, nilikuambia itashika."

"Ndiyo, maman. Na ilishika."

"Sikuwa najua."

Nikamtazama.

"Nilikuwa nakisia. Moteri ya zamani namna ile, nani anaweza kujua? Mais midomo yako ilikuwa inatetemeka, na mutu mwenye kutetemeka hawezi kushuka Ngomo. Nikasema itashika. Halafu nikasali rozari siku tisa. Kila kamionete yenye ilipita, niliinua kichwa, nione kama ni weye."

Miaka yote ile nilikuwa nimeendesha juu ya uhakika wake.

"Leo sikisii," akaendelea. "Taa ikiwaka mu joto tu, iko mafuta. Ikiwaka mu joto na mu baridi, iko moteri. Pahali chuma imeisha, mafuta haiwezi kujaza. Hata utie asali. Ile dawa ya chupa inafungaka kinywa ya moteri, haiponyeshe. Fungua."

"Na tukikuta imekufa kabisa?"

"Utajua kama imekufa. Weye ulisahihisha makaratasi ya watoto miaka yote, leo unaogopa kufungua kaye moja ya mwanafunzi?"

Nilicheka bila kutaka. Nilipoinuka kuaga, alinishika mkono wa shati.

"Siku batafungua, uniite."

"Maman, na magoti yako? Nitakuja kukuambia."

"Uniite. Sijaonaka ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya moteri. Hata moja. Mi nauzaka bidoni."

Alikuja, kwa fimbo, amevaa kama mtu wa misa: kitambaa kipya, na vikwembe viwili, yaani vitenge, kimoja juu ya kingine. Injini yangu ilikuwa imeshatolewa, imelazwa kwenye meza ya mbao tumbo juu, chombo cha chini kimeondolewa. Fundi alilegeza vifuniko kimoja kimoja. Mimi nilitazama uso wake, si chuma, kama wazazi walivyonitazama mimi siku za matokeo. Alipangusa, akainama, akapitisha ukucha juu ya ule mhimili mkubwa unaozunguka katikati. Akarudia. Akaniita.

"Papa, kuja ona. Muti mukubwa iko muzima. Hata mukwaruzo moja haina. Ni bile bisahani bya pembeni tu njo biliisha. Nipe wiki mbili."

Nilikaa juu ya tairi. Nadhani nilisali, lakini sikumbuki ilikuwa sala gani.

Maman alikuwa bado ameinama juu ya meza, miwani mkononi. "Mafuta inapitaka wapi?"

Fundi alimwonyesha nafasi kati ya mhimili na kisahani chake, nyembamba kama unywele.

"Pale?"

"Pale, maman."

"Yote? Bidoni zote zile?"

"Pale tu."

Alivaa miwani, akainama zaidi. Fundi, kwa fahari, akaanza kuwaita wenzake wa gereji waje waone mhimili wa zamani ulivyojitunza. Wakaja saba, wanane, wakazunguka meza, wengine wakatoa simu kupiga picha, mmoja akatia kidole. Maman akajinyoosha.

"Munaangalia nini? Mutu alitumika miaka yote hii, sasa mumemulalisha chali na munamupiga foto? Mupishe. Iko uchi."

Walicheka, wakamtazama, wakaacha kucheka. Yeye alikuwa tayari amefungua kikwembe cha juu, kile cha misa. Akakikung'uta mara moja, akaifunika injini yangu mpaka shingoni.